Haki Unayo, Ruhusa Huna

Honi ililia tena nje ya lango.

Ndiyo, msomaji, ni honi ile ile iliyokuacha roho juu wiki nzima. Gari jeupe, namba za serikali, na ndani yake Mkurugenzi Warsame mwenyewe, mtu ambaye hata ukimwalika harusini hutuma salamu. Na Hared Jelle, afisa wa mifugo aliyesimamishwa kazi, yuko sebuleni kapiga magoti juu ya sanduku, shuka za ihramu kwapani, anapigana na zipu isiyotaka kufungika.

"Hared!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, hooyo!"

"Hakuna mtu ndiye anayepiga honi?"

Hared alilisukuma sanduku nyuma ya pazia, akajikwaa kwenye mkeka, akaanguka kifudifudi. Alipoinuka lango lilikuwa limeshafunguliwa. Bi Fatumo, jirani wao, alikuwa amemfungulia mgeni na anamkaribisha kwa mikono miwili, utadhani nyumba ni yake.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nikupe mambo kwa ufupi.

Pikapu ya idara ya mifugo ilionekana Kotile ikiwa imebeba kitanda cha bi harusi, mikeka yake yote, na mbuzi mmoja aliyesimama juu ya godoro akiwatazama watu kwa dharau. Picha ilizunguka kwenye simu za Garissa kabla pilau ya harusi haijaiva. Kamati ya nidhamu ikaundwa. Hared akaitwa, akakiri kwamba ni yeye aliyeagiza. Akasimamishwa kazi akingoja kesi imalizike, akaamriwa aripoti ofisini kila Jumatatu na asitoke Garissa bila ruhusa.

Lakini wewe na mimi tunajua kwamba hakuagiza kitu. Siku ile alikuwa kitandani, malaria imemkamata barabara. Aliyetoka nje na kumwambia dereva, "Hared amesema pakia," ni mama yake mzazi, Khadijo. Lori la harusi lilikuwa limekwama matopeni, bi harusi ni mtoto wa dadake, na kwa hesabu ya Khadijo gari la mwanawe ni gari la nyumba. Sasa Hared angemtaja mama yake mbele ya kamati kwa mdomo upi? Alimeza, akabeba lawama yote.

Khadijo mwenyewe hana habari. Kila asubuhi Hared huvaa shati la kazi, hutundika kitambulisho shingoni, huaga vizuri, kisha huenda kukaa soko la ngamia mpaka saa za ofisi ziishe. Madalali wamemzoea hadi wameanza kumuuliza bei.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo, kama si Umra. Khadijo ameitamani Makka tangu mumewe alipofariki, na hasafiri bila maharimu, yaani mwanamume ambaye dini imemharamishia kumwoa, kama mwana au ndugu. Viongozi wa kundi walimweleza kwamba siku hizi wanawake husafiri pamoja bila shida. Aliwasikiliza, akawashukuru, akakataa. Mwana wa kiume anaye mmoja tu. Hared asipokwenda, mama haendi, na daktari alishamvuta Hared pembeni akamwambia kwamba moyo wa mama umechoka, safari hii isiahirishwe. Ndege ni Alhamisi.

Ndiyo maana Hared aliamua kuondoka kimya kimya. Na ndiyo maana sasa alikuwa amesimama barazani akimzuia mkubwa wake mlangoni kwa kifua.

"Mkurugenzi, tuzungumze garini."

"Nimetoka garini sasa hivi. Kuna joto." Warsame alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Leo ni Jumatatu, Hared. Hukuripoti."

"Nilikuwa njiani naja."

"Njiani kwenda Jeddah?"

Akamwonyesha simu. Ilikuwa picha ya Hared amejipima shuka ya ihramu mbele ya kioo, na chini yake ujumbe: Mashallah, Mama Khadijo na mwanawe Hared wanaelekea Makka, tuwaombee. Ujumbe ulikuwa wa Bi Fatumo, kwa kundi zima la mtaa. Hared alimgeukia Fatumo. Fatumo alikuwa ameshaanza kufagia ua ambao si wake.

"Niliandika kuomba ruhusa, nikaeleza na alivyosema daktari wa mama," Hared alisema kwa sauti ya chini. "Hukunijibu."

"Nakujibu sasa. Hapana."

"Katiba inasema kila mtu ana haki ya kutoka Kenya. Haikuandikwa isipokuwa maafisa wa mifugo."

"Haki unayo," alisema Warsame. "Ruhusa huna. Hakuna askari atakayekushika pale uwanja wa ndege. Panda, nenda, zunguka Kaaba. Lakini kesi yako iko mbele ya kamati, na ukiondoka kituoni bila ruhusa utahesabiwa umetoroka kazi. Tutakaa, tutatazama kiti chako kitupu, na tutaamua bila kukusikia. Ukirudi utakuta huna kazi wala pensheni."

"Ni siku chache tu, Mkurugenzi. Nipangie kikao nikirudi."

"Nikikuachia wewe, kesho watakuja wengine wenye kesi wanataka kwenda Dubai kununua pazia. Hapana."

Hared aliona hasira ikimpanda, akaishusha. Hii haikuwa saa ya kugombana. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na sauti ya sufuria ilikuwa imenyamaza.

"Basi nikuombe jambo moja. Mama hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui chochote. Anadhani bado nina kazi."

Warsame alitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mtu aliyesimamishwa kazi. Mdomo wake ulicheza kidogo, karibu na tabasamu, kisha akajizuia.

"Mimi sisemi uongo, Hared."

"Sijakuomba useme uongo. Nimekuomba unywe chai."

Pazia la mlango lilifunguka. Khadijo alitokea na chupa ya chai mkono mmoja na sinia ya mahamri mkono wa pili, amevaa jilbabu ya wageni. Wote pale walikuwa Wasomali, lakini Khadijo anaamini serikali haisikii lugha nyingine ila Kiswahili, kwa hiyo akakitoa chake chote.

"Karibu sana, mzee ya serikali! Kwa nini nasimama kwa jua? Hared, wewe nachunga mgeni kama mbuzi? Ingia, ingia ndani!"

Wakaingia. Warsame alikalishwa kwenye kiti kizuri, kile chenye mgongo kwa pazia, sanduku likimgusa kisigino. Chai ilimiminwa, ya maziwa ya ngamia, tangawizi tele.

"Wewe ndio bosi ya mtoto yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nafanya kazi mzuri?"

Hared alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Warsame alikunywa fundo moja la chai.

"Ofisini wanamzungumzia kila siku, mama."

"Alhamdulillahi!" Khadijo aling'aa uso mzima. "Sasa natuma yeye Makka na mimi. Wewe ishapatia yeye ruhusa?"

Msomaji, hapo hata nzi alitulia. Warsame alifungua mdomo. Hared alifumba macho.

"Ngoja," Khadijo akainua kiganja. "Kwanza naambia mimi, wewe mtoto ya nani?"

Ukiwa mgeni Garissa utaona hili ni swali la kupoteza wakati. Si hivyo. Kwa Khadijo, mtu asiyejulikana ni wa nani bado hajafika, hata kama yuko kitini anakunywa chai. Warsame aliyajua haya, akataja jina lake, la babake Farah, la babu, na la babu wa babu, haraka haraka, kama mtoto anayesoma hesabu ya kuzidisha.

"Watu ya Ijara," alisema Khadijo akitikisa kichwa. "Na mama?"

"Mama aliitwa Weris. Alifariki Kotile nikiwa bado mchanga, mwaka ule wa ukame. Eedo yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea Nairobi."

Chupa ya chai ilitua mezani. Khadijo alimtazama mkurugenzi usoni, akasogea, akamtazama tena kwa karibu, mpaka Warsame akaanza kurudi nyuma na kiti. Na Kiswahili kikampotea. Alipofungua mdomo alizungumza Kisomali, nami nakupa kwa Kiswahili changu.

"Weris aliyekuwa na mwanya mbele, akicheka anaziba mdomo kwa ushungi?"

"Simkumbuki, mama. Lakini eedo alikuwa akinisimulia hivyo hivyo."

"Na ulipobaki bila mama, nani alikunyonyesha?"

"Mwanamke mmoja jirani. Nilitaka sana kumjua, lakini eedo aliniambia alikufa kwenye mafuriko ya Tana."

Khadijo akashika kiuno.

"Eedo yako alisema nimekufa?"

Akajipiga kifua.

"Miaka yote hii mimi ni maiti na hakuna hata mmoja aliyeniambia! Wewe mtoto, nimekunyonyesha mimi! Wewe na huyu Hared, mmoja huku mmoja huku, mpaka mkaanza kutambaa. Na ulikuwa mlafi, wallahi. Ukimaliza lako unamfinya mwenzako umnyang'anye lake. Mtazame alivyo mwembamba mpaka leo!"

"Wallahi ni kweli!" Kichwa cha Bi Fatumo kilichomoza dirishani, ufagio mkononi. "Nilikuwapo Kotile! Siku eedo yake alipokuja kumchukua ni mimi niliyempakia garini. Alilia mtoto huyu, alilia mpaka gari likapotea machoni!"

Warsame aliiweka miwani mezani, akateremka kitini, akakaa mkekani miguuni pa Khadijo, na suti yake yote. Mtu ambaye ofisini hata kukohoa hukohoa kwa utaratibu alikuwa analia waziwazi, amemshika yule mama mkono, haoni haya.

"Hooyo," alisema.

"Haa, hooyo," Khadijo alimjibu, maana kwa Kisomali mama naye humwita mwanawe hooyo, akawa anampapasa kichwa. "Umechelewa kurudi."

Hared alifurahi, na papo hapo wivu ukamchoma kidogo, maana kichwa kile kilichokuwa kikipapaswa ndicho kilichomsimamisha kazi. Lakini Hared si mjinga. Kama huyu ni mwana wa maziwa wa mama yake, basi dini imemfanya ndugu yake. Na ndugu hunyimwa ruhusa?

"Walaal, ndugu yangu," alianza, kwa sauti ya asali. "Kuhusu lile jambo letu la barazani..."

"Limekwisha!" Warsame alifuta macho kwa tai. "Nitamzuiaje hooyo wangu... Nitakuandikia ruhusa sasa hivi. Nipe kalamu."

Hared alimpa kalamu. Angempa hata shamba. Warsame alichukua karatasi, akaandika tarehe, akaandika jina, kisha mkono ukasimama hewani. Akahamia Kiingereza, na Hared akamfuata huko.

"Siwezi," alisema mkurugenzi.

"Huwezi nini? Umeshaandika jina!"

"Hared, mwezi uliopita nilimtoa mjumbe kwenye kamati kwa sababu mshtakiwa alikuwa shemeji yake. Shemeji tu! Wewe ni ndugu yangu. Tangu dakika hii sina mamlaka juu ya kesi yako, na ruhusa nikiiandika ni batili."

"Yaani nusu saa iliyopita ulikuwa unaweza kunipa na hukutaka?"

"Ndiyo."

"Na sasa unataka na huwezi?"

"Ndiyo."

Hared alitamani kumfinya, alipe deni la utotoni.

"Mkianza Kiingereza najua kuna uongo," alisema Khadijo. Alikuwa amekunja mikono. "Nini kinaendelea? Kama Hared kazi imemzidi, si neno. Mungu amenipa mwana wa pili leo. Warsame, pasipoti unayo?"

"Ninayo, hooyo."

"Basi utanipeleka wewe."

Kwa pumzi mbili hivi Hared aliona mlango umefunguka. Mama angefika Makka. Yeye angebaki, akaipokea hukumu yake, na roho ingemuuma lakini ingetulia. Ila Warsame alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni. Kundi lilikuwa limeshafunga majina na viza zimetoka. Jina lililopo ni la Hared, na hakuna muda wa kuweka lingine. Ni Hared au hakuna.

"Sasa nani wa kutoa ruhusa?" Hared alinong'ona.

"Naibu wangu. Deka."

Hared aliketi chini. Deka ndiye aliyeleta picha ya mbuzi mbele ya kamati. Deka ndiye aliyeikuza ukutani kwa projekta mpaka ndevu za mbuzi zikahesabika. Kumwomba Deka ruhusa ni kuomba maji kwa jua.

"Mpigie," alisema, kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki.

Warsame alitoa simu na kuinuka kuelekea barazani. Khadijo akamshika koti.

"Kaa hapa hapa. Weka spika. Na Kiingereza katika nyumba yangu basi."

Mkurugenzi, anayeogopwa na idara nzima, akakaa. Akaweka spika.

"Deka, asalaam aleikum. Niko nyumbani kwa watu, kwa hiyo sema taratibu. Nina jambo la..."

"Mkurugenzi, afadhali umepiga!" Sauti ya Deka ilijaa sebule nzima. "Nakutafuta tangu asubuhi. Kesi ya Hared imepinduka!"

"Deka, tutazungumza nikirudi."

"Sikiliza kwanza. Wario dereva amekuja mwenyewe ofisini. Anasema usingizi umemkataa. Hared hakuagiza kile kitanda kipakiwe. Hared alikuwa anaumwa, hata hakutoka chumbani!"

Hared aliruka kuifikia simu. Khadijo alimtangulia, akaifunika kwa kiganja chake, bila kuizima.

"Aliyeamuru ni mama mmoja," Deka aliendelea. "Alimwambia Wario, Hared amesema pakia. Naye Wario akaamini, angemkatalia vipi mtu mzima? Kwa hiyo tumemsimamisha mtu kazi bure, na yeye amenyamaza tu, anamlinda huyo mama. Nimemwonea, Mkurugenzi, na nitamwambia hivyo kwa mdomo wangu. Akitaka ruhusa ya kusafiri, mimi simzuii tena. Aende."

Hili ndilo neno ambalo Hared alikuwa amelisubiri kwa dua na kwa kukosa usingizi. Lilikuja, na hakulisikia. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Tatizo ni Wario," ilisema simu. "Alipakia bila idhini ya afisa. Huyo mama asipokuja kuithibitisha habari hii, kamati haitamwamini dereva, atafukuzwa kazi. Na kamati inakaa Alhamisi. Nasikia huyo mama anasafiri siku hiyo hiyo. Hatuwezi kumzuia, si mfanyakazi wetu. Haki ya kusafiri anayo kama mtu mwingine yeyote. Ila akiondoka, Wario ndiye atakayeumia."

Nje Bi Fatumo aliacha kufagia.

Khadijo alishusha macho mpaka kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mwanawe. Akakigeuza, akakitazama mbele na nyuma, akakiachia.

"Kila asubuhi," alisema, "ulikuwa unakwenda wapi?"

"Soko la ngamia, hooyo."

"Ulikuwa unakula nini?"

Katika yote aliyokuwa ameyaogopa Hared, swali hilo hakulitarajia, nalo ndilo lililomtoa machozi.

Unajua, msomaji, kwamba mtu hatoki kwenda Makka hivi hivi tu. Hupita kwanza kwa watu kuomba radhi. Khadijo alikuwa amepita. Wiki nzima alikuwa akienda nyumba kwa nyumba, kwa muuza maziwa, kwa mke mwenza wa zamani, hata kwa Bi Fatumo, ambaye alimsamehe huku akimkumbusha makosa mengine matatu.

"Nimeuzunguka mtaa mzima nikiomba msamaha," alisema polepole, "na niliyemkosea namwekea anjera kila asubuhi mezani pangu."

"Hooyo, mimi nilikusamehe siku ile ile."

"Wewe umenisamehe. Na Wario je?"

"Hooyo," Warsame aliingilia, "ndege ni Alhamisi. Kamati nayo ni Alhamisi. Na daktari..." Akakatiza, maana Hared alikuwa amemkanyaga mguu.

Khadijo aliinuka. Alilivuta lile pazia, akaliona sanduku lililojaa, akalisukuma kando kwa mguu ili apate kuzifikia ndala zake. Alivaa moja. Akavaa ya pili.

"Halo?" ilisema simu. "Mkurugenzi? Bado uko? Nani huyo unayemwita hooyo? Nani anazungumza hapo?"

Warsame alinyoosha mkono kuikata. Khadijo aliichukua mapema, akaisogeza karibu na mdomo.

"Ni yule mama wa kitanda," alisema. "Mwambie Wario asiondoke hapo. Naja kwa miguu yangu, na wanangu wote wawili."